Somo: Kuunda ilimba ya Kigogo ya vyuma 10 na kuipanga sauti

Ilimba ni marimba ya mkono ya Wagogo wa Dodoma, ile ambayo marehemu Hukwe Zawose wa Bagamoyo, aliyefariki 2003, aliipiga mbele ya watu wa nchi nyingi. Seremala yeyote mzuri anaweza kuunda sanduku. Kinachoifanya iwe ya Kigogo ni mpangilio wa sauti, kwa hiyo hatua ya 4 isomwe mara mbili.

1. Sanduku. Mninga mkavu, sentimita 28 kwa 18, kina 6. Ubao wa juu uwe milimita 5. Ukizidi 7 sauti inafifia. Mbao mbichi itaachia gundi ikikauka.

2. Vyuma. Misumari ya inchi 6 kwa sauti za chini, inchi 5 kwa za juu. Usitumie iliyopakwa zinki, moshi wake una sumu. Pasha msumari hadi uwe mwekundu, uponde hadi unene wa milimita 2, uache upoe wenyewe. Kisha ugonge taratibu ukiwa baridi ili chuma kikaze na kurudi vizuri kikibonyezwa.

3. Kufunga. Weka daraja la mbele na egemeo la nyuma, yaani vijiti viwili ambavyo vyuma hulalia, sentimita 4 kati yao. Katikati pitisha ufito wa chuma wa milimita 6 juu ya vyuma, ukazwe kwa waya unaopenya ubao kila baada ya vyuma viwili. Ukilegea hata kidogo, sauti zitahama kila unapopiga.

4. Sauti. Wagogo hufuata uwiano wa 6:7:8:9:10. Tukichukua hezi 40 kama msingi (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), vyuma vitano vya kwanza ni hezi 240, 280, 320, 360 na 400. Vitano vya pili ni mara mbili yake, 480 hadi 800. Chuma cha hezi 240 hutokeza mbele ya daraja kama sentimita 8, cha 400 kama 6 na nusu. Kusukuma chuma nyuma hupandisha sauti, kukivuta mbele huishusha. Marekebisho madogo fanya kwa tupa: kupunguza ncha hupandisha, kupunguza karibu na daraja hushusha. Ongeza vyuma vinne pembeni visivyopigwa, vyenye sauti zilezile. Huitikia vyenyewe wenzake wakipigwa, na bila hivyo ilimba husikika kavu.

5. Mvumo. Toboa tundu la sentimita 1 katikati ya ubao wa juu, ulizibe kwa utando mweupe wa mayai ya buibui wa ukutani. Usiuvute ukakaza, ukikaza hautetemi.

Kwa mtunzi wa nyimbo: sauti ya pili ya waimbaji huruka chuma kimoja. Kwa namba za uwiano wa hatua ya 4, wa kwanza akiimba 8, mwenzake yuko 6; akiimba 9, mwenzake yuko 7. Tunga kwanza kwenye vyuma, maneno yafuate.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, programu ya simu inasema chuma changu cha 280 hakijakaa sawa. Nikirekebishe?
Hapana, kaka. Programu hiyo inapima kwa sauti za piano, na umbali wa sauti kati ya 6 na 7 za uwiano, yaani hezi 240 hadi 280, haupo kwenye piano. Iweke ioneshe hezi, usiangalie majina ya noti. Ukiinyoosha ifuate piano, waimbaji wawili hawatakutana tena.

Naweza kutumia spoku za baiskeli?
Kwa vyuma vya juu kabisa tu. Zikipondwa zinakuwa nyembamba mno, sauti ya chini haipati uzito.

Habari fundi. Chuma kimoja kinalia bubu, vingine viko sawa.
Dada, angalia kama kinagusa jirani yake, au kama daraja lina kibonyeo chini yake. Vikiwa sawa, kitoe ukigonge tena kikiwa baridi.

Utando wa buibui sijaupata. Nini badala yake?
Karatasi ya sigara, ibandikwe kwa gundi ya mti pembeni tu. Mvumo wake ni mkali kidogo, na unyevu wa pwani huilegeza, kwa hiyo weka akiba.