Somo: Seva ya maktaba ijiwashe yenyewe umeme ukirudi

Shule ninayoisaidia hapa Tabora ina kompyuta moja ya mezani, ya zamani, yenye Debian, mfumo wa familia ya Linux. Ndani yake kuna kiwix-serve, programu inayowafungulia wanafunzi Wikipedia na vitabu vingine bila intaneti. Wanaungana na rauta ya maktaba, wanaandika anwani, wanasoma. Mwaka wa kwanza nilikuwa naiwasha kwa mkono: nafungua teminali, naandika amri, naondoka. Kisha nikaitwa msibani Kaliua. Usiku ule ule umeme ukakatika. Asubuhi mlinzi akaiwasha kompyuta vizuri kabisa, lakini programu haikuwepo na aliyeijua amri ni mimi peke yangu. Kidato cha nne walikaa siku tatu bila maktaba, mtihani ukiwa mlangoni. Jambo hilo liliniuma sana, ndiyo maana nimeandika somo hili kwa yeyote anayetunza seva ya shule, zahanati au duka.

Programu uliyoiwasha kwenye teminali ni mtoto wa teminali hiyo. Ukifunga dirisha inapelekewa ishara iitwayo SIGHUP, na kwa kawaida inakufa. Wengi huweka `nohup` mbele ya amri na `&` nyuma. Hapo itavuka kufungwa kwa dirisha, ila haitavuka kuzimika kwa kompyuta, na ikianguka yenyewe usiku hakuna wa kuiinua. Anayeweza kuiinua ni systemd, mchakato namba 1, ule unaotangulia kuamka na kuwaamsha wengine wote. Debian inaitumia tangu toleo la 8 la mwaka 2015, kwa hiyo masomo ya zamani ya kuandika skripti ndefu ndani ya /etc/init.d yapite tu.

Hatua ya kwanza: mtumiaji wa seva

Usiiendeshe seva kwa jina la root, yaani msimamizi mwenye ruhusa zote. Ipe mtumiaji wake asiyeweza kuingia kwenye kompyuta:

`sudo useradd --system --shell /usr/sbin/nologin maktaba`

Mafaili ya zim, yaani yale yaliyobeba Wikipedia na vitabu, yaweke /srv/maktaba, na mtumiaji huyo aweze kuyasoma.

Hatua ya pili: skripti

Skripti ni faili la amri zinazofuatana. Andika faili /usr/local/bin/anza-maktaba.sh:

```
#!/bin/bash
set -eu
cd /srv/maktaba
if ! ls *.zim >/dev/null 2>&1; then
  echo "Hakuna faili la zim" >&2
  exit 1
fi
exec /usr/bin/kiwix-serve --port=8080 *.zim
```

Kisha `sudo chmod 755 /usr/local/bin/anza-maktaba.sh`.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana maswali mengi ninayoulizwa chanzo chake ni mstari ule wa mwisho.

Kwanza, hakuna `&`. Mtu aliyezoea teminali mkono wake unaiweka bila hata kufikiri, kwa sababu anataka programu ikae nyuma ya pazia. Lakini kazi ya kuiweka nyuma ya pazia sasa ni ya systemd. Ukiweka `&`, skripti inafika mwisho na kutoka, systemd inaona mkuu wa huduma ameondoka, inahesabu kazi imekwisha, kisha inawaua wote waliobaki kwenye kundi lake, pamoja na seva uliyoiwasha sasa hivi. Utaona imewaka na kuzimika ndani ya sekunde moja, bila kosa lolote kuandikwa. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie chaguo la `--daemon` la kiwix-serve.

Pili, neno `exec`. Bila neno hilo bash inabaki hai ikiishikilia seva mkononi, na systemd inaitambua bash kuwa ndiyo mkuu. Ishara yoyote inayotumwa kwa mkuu peke yake inaishia kwa bash. Ukiweka `exec`, bash inaiachia seva kiti chake, kwa namba ile ile ya mchakato, na systemd inaongea na seva moja kwa moja.

Ijaribu kwanza kwa mkono, ukiwa umevaa jina la mtumiaji yule: `sudo -u maktaba /usr/local/bin/anza-maktaba.sh`. Ikikataa hapa itakataa na huko mbele. Ikikubali, izime kwa Ctrl+C.

Hatua ya tatu: faili la huduma

Faili hili linakaa /etc/systemd/system/maktaba.service:

```
[Unit]
Description=Maktaba ya shule
After=network.target

[Service]
User=maktaba
ExecStart=/usr/local/bin/anza-maktaba.sh
Restart=on-failure
RestartSec=10

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Ile RestartSec usiiache. Usipoiandika, systemd inasubiri sehemu ya kumi tu ya sekunde kabla ya kuinua tena, na ikishainua mara 5 ndani ya sekunde 10 inakata tamaa na kuiacha chini mpaka mtu aje. Seva yenye tatizo dogo la muda mfupi inamaliza nafasi zake tano kabla hujapepesa jicho. Kwa sekunde 10 kati ya jaribio na jaribio, haitachoka hata usiku kucha.

Hatua ya nne: kuiwasha

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now maktaba
systemctl status maktaba
```

`enable` ndiyo inayoiandikisha iwake kila kompyuta inapowaka. `start` peke yake inaiwasha leo tu. Na kila ukigusa faili la huduma, rudia `daemon-reload`.

Sasa ipime kwa ukatili: `sudo systemctl kill -s KILL maktaba`, hesabu mpaka kumi na tano, tazama tena hali yake. Iwe imeinuka. Kisha chomoa waya wa rauta uurudishe, halafu zima kompyuta kwa utaratibu na kuiwasha, bila kugusa teminali. Nenda moja kwa moja kwenye simu ya mwanafunzi ufungue ukurasa.

Likitokea la kutokea, soma `journalctl -u maktaba -n 50`. Kwa sisi tunaokatikiwa umeme, tengeneza pia folda /var/log/journal kama haipo, kisha toa amri ya `sudo journalctl --flush`, ili kumbukumbu zibaki baada ya kuzimika. `journalctl -u maktaba -b -1` itakuonyesha yaliyotokea kabla ya umeme kuondoka.

Limebaki jambo moja lililo nje ya systemd. Kompyuta ya mezani ingia kwenye BIOS yake, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Debian kuamka, utafute mpangilio unaoiambia iwake yenyewe umeme ukirudi. Wengi huuacha umezimwa, na huduma iliyoandikwa vizuri namna gani haiwezi kuiwasha kompyuta iliyolala. Raspberry Pi haihitaji hilo: ikipata umeme inawaka.

Maswali niliyoulizwa

*Kutoka Urambo:* Shikamoo mwalimu. Nimefuata kila hatua lakini status inaniandikia 203/EXEC. Njia ya faili nimeikagua mara tatu, iko sahihi, na chmod nimefanya.

*Jibu:* Marahaba mwanangu. 203 maana yake systemd imeshindwa hata kuianzisha skripti. Kama njia na ruhusa ziko sawa, nahisi uliiandikia kwenye Windows ukaihamisha kwa flashi. Windows inafunga kila mstari kwa alama moja ya ziada isiyoonekana, kwa hiyo mstari wa kwanza unatafuta bash yenye mkia, na bash ya namna hiyo haipo. Ondoa alama hizo kwa `sudo sed -i 's/\r$//' /usr/local/bin/anza-maktaba.sh`, kisha restart. Siku ukiona 217/USER, jua jina la mtumiaji uliloandika halipo kwenye kompyuta.

*Kutoka Ujiji:* Kaka, zim zangu ziko kwenye diski ya nje. Siku nyingine huduma inaanza diski haijafunguka, inasema hakuna faili la zim.

*Jibu:* Diski iandike kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kufunguliwa kompyuta inapowaka, kwa UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho, ifunguke pale pale /srv/maktaba, usitegemee ijifungue yenyewe kwenye dawati. Weka chaguo la `nofail`, ili diski ikichomolewa kompyuta iwake hivyo hivyo. Kisha chini ya [Unit] ongeza `RequiresMountsFor=/srv/maktaba`, huduma itaisubiri diski. Nakushauri uongeze na `ro` kwenye fstab. Kiwix-serve inasoma tu, haiandiki, na diski iliyofunguliwa kwa kusoma peke yake inavumilia zaidi umeme unaokatika ghafla.

*Kutoka Sikonge:* Mimi natumia laptopu kwa sababu ya betri. Nikifunga kifuniko seva inapotea.

*Jibu:* Uamuzi wa laptopu ni mzuri, dada. Fungua /etc/systemd/logind.conf, andika `HandleLidSwitch=ignore`, kisha iwashe upya kompyuta. Iweke mahali penye hewa, maana iliyofungwa kifuniko inapata joto haraka.

*Kutoka Nzega:* Shule yetu ina Windows na mkuu wa shule hataki ibadilishwe. Nimeweka faili la bat kwenye Startup, inafanya kazi mpaka mtu aingie na nywila ndipo inawaka.

*Jibu:* Startup inamsubiri mtu aingie, ndivyo ilivyo. Tumia Task Scheduler, programu ya Windows ya kupanga kazi zijiendeshe zenyewe. Fungua Command Prompt kama msimamizi uandike `schtasks /create /tn maktaba /tr C:\maktaba\anza.bat /sc onstart /ru SYSTEM`. Usiishie hapo. Fungua kazi hiyo kwenye dirisha la Task Scheduler uondoe alama kwenye kikomo cha siku 3, kwa sababu usipoiondoa Windows itaizima seva yako siku ya tatu. Kama ni laptopu, ondoa na sharti la kuwaka ikiwa kwenye umeme tu.

*Kutoka Urambo tena:* Mwalimu, imewaka! Ila nimeongeza zim mpya ya kamusi, wanafunzi hawaioni.

*Jibu:* Skripti inaorodhesha mafaili pale inapoanza tu. `sudo systemctl restart maktaba`, wataiona.