Dar hadi Guangzhou: piga hesabu ya safari yako kabla hujalipia tiketi

Ninakata tiketi Kariakoo, na wateja wangu wengi wanakwenda Guangzhou kufuata mzigo. Wakishasikia bei, wanauliza watakaa hewani muda gani. Hesabu hiyo unaweza kuipiga mwenyewe, na ukiijua hakuna wa kukuuzia safari ya kuchosha kwa maneno matamu.

Anza na umbali. Usipime kwenye ramani ya ukutani, kwa sababu ile imeibapaza dunia na mstari wa rula hauonyeshi njia fupi. Tafuta globu kama zile za darasani. Zungusha uzi kwenye ikweta, kisha upime: hizo ni kilomita 40,000 hivi. Sasa vuta uzi kutoka Dar hadi Guangzhou na uukaze vizuri. Utauona unakatiza Bahari ya Hindi, unapita kusini mwa India, unatokea Myanmar. Kwenye globu yenye mzunguko wa sentimita 94, uzi huo utakuwa na kama sentimita 20 na nusu. Gawa kwa 94, zidisha kwa 40,000, unapata kilomita 8,700 hivi.

Muda je? Dreamliner ikishatulia juu inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa, ila wakati wa kupanda na kushuka mwendo ni mdogo. Mimi nagawa umbali kwa 850, halafu naongeza nusu saa. Hapo inakuja kama saa 10 na dakika 45 kwa ndege ya moja kwa moja. Upepo wa nyuma utapunguza dakika kadhaa, wa mbele utaongeza.

Ukipitia Dubai, Dar hadi Dubai ni kama kilomita 3,980, na Dubai hadi Guangzhou 5,830. Jumla 9,800, yaani nyongeza ya 1,100 tu. Hewani utakaa kama saa 12 na nusu, maana ile nusu saa unaiongeza mara mbili, kila ndege na yake. Kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili, kwa hiyo kabla ya kufurahia bei ya chini, uliza utakaa pale muda gani. Kwa mtu anayeshuka na kuingia sokoni siku hiyohiyo, mimi naona tofauti ndogo ya bei haifai kumpotezea usiku mzima kwenye viti vya uwanja.

Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za kila mji, na China iko mbele yetu kwa saa 5. Tuseme unaondoka 17:00 na kufika 08:45 kesho yake. Hapo katikati ni saa 15 na dakika 45. Toa 5, zinabaki 10 na dakika 45. Wakati wa kurudi unajumlisha: kuondoka 11:00, kufika 17:00, ni saa 6 ongeza 5, yaani 11.

Na tafadhali, angalia sana ndege za usiku. Tiketi ikisema tarehe 12, 02:30, ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12. Mabegi yafungwe tarehe 11 mchana, utoke nyumbani jioni ukiweka akiba ya foleni ya Barabara ya Nyerere, na saa tano na nusu usiku huohuo uwe umeshafika Terminal 3.