Mambo ya Kuandaa Kabla ya Kushuka Maporomoko ya Sheldrick, Shimba Hills

Mtu aliyezoea kupanda vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, kila wikendi hufika Shimba Hills akidhani mazoezi ameshayamaliza. Vilima hivi vya Kwale, kilomita kama 30 kusini-magharibi mwa Mombasa, havifiki hata mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Ngong kinapita 2,400. Tatizo ni kwamba maporomoko ya Sheldrick, ambayo ndiyo matembezi yanayotafutwa na wengi, yako bondeni. Unaanzia juu, unateremka msituni kilomita kama mbili, unapumzika kando ya maji, kisha unapanda njia ileile jua likiwa limeshakolea, maji ya kunywa yamepungua na mapaja yanatetemeka. Ngong ukichoka unageuka na kuteremka. Hapa, kugeuka ndiko kupanda.

Kwa hiyo fanyia mazoezi mteremko. Wiki tatu au nne kabla ya safari, acha lifti na ushuke ngazi za jengo unakofanyia kazi au unakoishi, polepole, begani una mkoba wa kilo nne au tano. Misuli ya mbele ya paja ndiyo breki ya mwili, na isipozoezwa hulegea ukiwa bado unateremka, halafu magoti ndiyo yanayolipa. Mizunguko ya saa mbili katika msitu wa Karura, Nairobi, inasaidia, hasa ukienda mchana badala ya alfajiri. Hata hivyo, joto la pwani halina mfano wake Nairobi. Hewa yetu ni kavu, jasho hukauka na kukupoza. Kwale hewa imejaa unyevu. Jasho linachuruzika mgongoni bila kukauka, na mwili unaendelea kupata moto. Kuzoea huchukua wiki moja hadi mbili, muda ambao msafiri wa wikendi hana. Anachoweza kufanya ni kupunguza mwendo na kuanza mapema.

Msimu nao uzingatie. Aprili hadi Juni ni masika, na Mei ndiyo mbaya zaidi: njia ni tope na mawe ya mtoni yanateleza kama sabuni. Julai hadi Septemba, wakati wa kusi, hali ya hewa ni nafuu, ingawa upepo huleta ukungu na manyunyu ya asubuhi. Januari na Februari ni kukavu lakini joto la kaskazi ni kali. Miezi hiyo haimfai anayetembea kwa mara ya kwanza.

Panga kufika siku moja kabla. Treni ya usiku kutoka Syokimau, stesheni ya Nairobi, inaonekana kuokoa muda, lakini inakushusha Miritini, stesheni ya Mombasa, kabla hakujapambazuka, hujalala vya kutosha, na usingizi haba hupunguza uwezo wa mwili kustahimili joto. Panda ya asubuhi, beba kitambulisho chenye jina lilelile la kwenye tiketi, ulale Kwale au Diani. Kutoka Miritini, barabara ya Dongo Kundu inakupeleka kusini bila foleni ya feri ya Likoni. Ukitumia matatu, vuka Likoni kisha upande ya Kwale inayokata kona Kombani. Lango kuu liko nje kidogo ya mji wa Kwale, na kutoka hapo hadi mahali pa kuanzia matembezi unahitaji gari, maana bodaboda itakufikisha langoni tu. Elewana na dereva mapema, na mkubaliane atakungoja hadi saa ngapi. Kiingilio hulipwa kwa simu au kadi, si kwa noti. Lipa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa kulipia huduma, ukiwa bado na mtandao mzuri, uhifadhi picha ya risiti.

Hakuna kushuka Sheldrick bila askari wa KWS, shirika la serikali linalotunza wanyamapori. Msitu huu una tembo na nyati, na kichaka ni kinene kiasi kwamba tembo anaweza kuwa hatua ishirini nawe usimwone. Piga simu kabla kuuliza saa za matembezi, na uombe ya mapema kabisa. Mkiwa njiani tembeeni mstari mmoja, simu kimya, masikio wazi. Askari akiinua mkono, simama palepale ulipo. Usisogee mbele kuona alichokiona yeye. Mara nyingi anasoma kinyesi. Kikiwa na unyevu, kijani ndani, inzi wamekizunguka, tembo hayuko mbali. Kikiwa kimekauka na kuwa kama majani makavu, mnaendelea. Akisema mrudi, mrudi, hata kama ngurumo ya maji mnaisikia.

Viatu ndivyo huharibu safari nyingi. Buti nzito la ngozi lenye kitambaa kisichopitisha maji linafaa Mlima Kenya. Pwani linafungia jasho ndani, na ngozi iliyolowa huchubuka haraka. Chukua kiatu chepesi chenye wavu juu na meno makali chini. Ukikinunua mtumba katika masoko ya Nairobi kama Toi au Gikomba, usiangalie meno pekee. Kikunje katikati kama unayekunja chapati, kisha bonyeza kwa kidole gumba ule mpira mweupe ulio kati ya soli na kiatu. Ukiona nyufa ndogondogo, au mpira ukibaki umebonyea kama mkate, kiache. Mpira wa namna hiyo huzeeka hata kiatu kisipovaliwa, na gundi ikishapata maji soli inaachana ukiwa bondeni. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, na ukate kucha siku mbili tatu kabla, la sivyo mteremko utazigonga hadi ziwe nyeusi. Soksi ziwe za sufu au nailoni, si pamba, na jozi ya pili iwe mkobani. Panapozoea kukuchubua pabandike plasta ukiwa bado mkavu. Mapaja yapake mafuta ya mgando.

Maji: lita tatu kwa mtu mmoja, usihesabu yale ya kunywa ndani ya gari mkirudi. Gawanya kabla hujashuka: lita moja ya kwenda, mbili za kurudi. Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020, kwa hiyo beba chupa ya chuma au mfuko wa maji wenye mrija. Maji matupu peke yake hayatoshi, kwani jasho linatoa chumvi. Nunua pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, au changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Dafu ni tamu na lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni ndogo, linywe baadaye. Karanga zenye chumvi na ndizi mbivu zatosha kwa chakula. Mwenzako akianza kuongea asiyoeleweka au kuyumba, hata kama bado anatoka jasho, hiyo ni dharura: mkalisheni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na askari aite msaada. Msimnyweshe akiwa amechanganyikiwa.

Vaa suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu, na rangi zisiwe nyeusi wala buluu iliyokolea, kwa sababu ndizo zinazovuta mbung'o. Mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Ncha za suruali zitie ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Jihadhari na upupu: ukiugusa usijikune wala kusugua, maana utavisambaza vinyweleo. Bandika plasta juu ya ngozi, uivute, urudie hadi mwasho upungue, ndipo uoshe.

Malaria isichukuliwe kirahisi. Mkazi wa Nairobi hana kinga ya mtu wa pwani. Muone daktari angalau wiki mbili kabla akuchagulie dawa ya kuzuia; baadhi huanza siku moja au mbili kabla ya safari na huendelea kumezwa siku 7 baada ya kurudi, nyingine wiki 4, na wengi huziacha wakishafika nyumbani. Lala ndani ya neti. Homa ikikupata wiki moja au hata wiki kadhaa baada ya safari, usiiite mafua ya baridi ya Julai: nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo, umwambie mhudumu kwamba ulikuwa Kwale.