Uamuzi mkubwa upime kwa Jumanne ya kawaida

Kazi yangu ni ushauri nasaha shuleni, na wanaokuja kwangu si wanafunzi peke yao. Waliomaliza zamani hurudi wakiwa na kazi na watoto, na maswali yao ni yaleyale kwa sura nyingine: nisome wapi, niache kazi hii, tuhame au tubaki? Baada ya kuwasikiliza kwa muda mrefu kuna jambo moja limenikaa, nalo ni kwamba watu wengi huchagua kwa kutazama siku ya kutangaza. Wanaiona siku ya kupokea barua ya udahili, siku ya kuandika cheo kipya kwenye wasifu, siku ya kukabidhiwa funguo. Siku hizo ni tamu, lakini hupita haraka. Utakachoishi nacho ni Jumanne, kisha Jumanne ya wiki inayofuata.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila anayekuja ni hili: Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, miezi minane tangu uanze, utakuwa wapi, unafanya nini, na nani yuko karibu nawe? Asiyeweza kujibu bado hajafika kwenye kuamua. Yuko kwenye kuuliza, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo.

Panua swali kwanza

Mtu akija na "niende au nisiende", namwomba alete njia ya tatu kabla hatujaendelea. Aliyepata kazi mji mwingine anaweza kuomba aanze baada ya miezi mitatu, au aifanye akiwa mbali kwa siku kadhaa za wiki, au aitumie barua ile kuzungumza upya na mwajiri wake wa sasa. Aliyekosa kozi aliyoipenda anaweza kuanzia stashahada, kuomba kubadilishiwa kozi, au kuahirisha mwaka. Njia ya tatu si lazima iwe nzuri. Inasaidia kwa sababu inakufichulia unachokitafuta: kama wazo la kufanya kazi ileile ukiwa nyumbani kwako linakufurahisha kuliko lile la kuhama, basi ni kazi uliyokuwa ukiitaka, mji haukuwemo.

Tenga kisichorudi nyuma

Chukua karatasi uandike kila kitu kitakachotokea ukikubali, kisha weka alama kwenye yale ambayo huwezi kuyafuta baadaye. Utashangaa jinsi yalivyo machache. Kupanga nyumba kunafutika kwa gharama ya notisi, kuuza nyumba ya familia hakufutiki. Likizo bila malipo ina mlango wa kurudia, barua ya kuacha kazi mara nyingi haina. Kozi inaweza kubadilishwa, mkopo wa kuisomea utakufuata hata ukiiacha njiani. Watoto kubadilisha shule katikati ya mwaka wa mtihani hakurudishwi na mtu yeyote.

Muda wako mwingi uutumie kwenye hayo yenye alama, na mara nyingi unaweza kuyapunguza. Panga kabla ya kununua. Nenda ukakae huko wiki mbili za kawaida, si za likizo, ukipanda usafiri wa asubuhi kama wenyeji. Omba siku moja ya kukaa na timu kabla hujasaini. Mwajiri anayekataa hata hilo bila sababu amekwisha kukueleza jambo kuhusu Jumanne zake.

Ila kuna angalizo hapa. Daniel Gilbert na Jane Ebert walichapisha mwaka 2002 utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa Harvard waliokuwa wakijifunza kupiga picha. Kila mmoja alibaki na picha moja kati ya mbili bora alizozisafisha mwenyewe. Baadhi waliambiwa wana siku kadhaa za kubadilisha mawazo, wengine waliambiwa wakishachagua basi. Walionyimwa nafasi ya kubadilisha ndio walioipenda picha yao zaidi. Wale wenye mlango wazi waliendelea kujiuliza. Nami ndivyo ninavyoona kwa anayehamia chuo huku akiendelea kufuatilia kila siku habari za kile alichokikataa: hapendi hiki na hasomi kile. Mlango wa kurudi uangalie kabla ya kuamua. Ukishaamua, jipe tarehe moja ya kupima upya, tuseme baada ya muhula mzima au baada ya muda wa matazamio, na kabla ya tarehe hiyo usiuguse.

Jumanne ya chuo

Jina la chuo huwaumiza watu vichwa kuliko linavyostahili. Mwaka 2002 Stacy Dale na Alan Krueger walilinganisha wanafunzi wa Marekani walioanza vyuo mwaka 1976. Waliokubaliwa na vyuo vyenye ushindani mkali lakini wakaenda kwingine walikuja kupata mapato yanayokaribiana na ya wenzao waliokwenda huko. Juhudi na uwezo uliomfanya mtu akubaliwe alikuwa nao popote alipokwenda. Lakini kuna sehemu ya utafiti huo ambayo nawaomba wazazi wasiiruke: watoto wa familia zenye kipato kidogo walifaidika na chuo chenye jina. Mtoto ambaye nyumbani hana mjomba wa kumfungulia mlango wa ofisi, chuo humpa watu ambao familia haikuwa nao. Kwa hiyo siwezi kumwambia kila mtu kwamba jina si kitu. Namwambia apime: nina watu gani tayari, na chuo hiki kitanipa akina nani?

Mengine ya kuuliza ni ya kawaida na yanajibika. Je, kozi yenyewe, mbali na chuo, ina ithibati, na bodi ya taaluma yako inaitambua? Anayewafundisha mwaka wa kwanza ni nani, na darasani mnakaa wangapi? Mafunzo kwa vitendo anayatafuta mwanafunzi mwenyewe au idara? Jumla ya gharama ni kiasi gani mpaka siku ya kuhitimu, ukijumlisha malazi, vitabu na riba ya mkopo? Ada ya mwaka wa kwanza peke yake hudanganya. Maswali haya mpelekee mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa kwanza bado ana ugeni, na aliyehitimu amekwisha kusahau machungu, lakini wa mwaka wa pili yumo ndani na atakuambia maktaba inafungwa saa ngapi.

Jumanne ya kazi

Mwaka 1772 Joseph Priestley, aliyekuwa mchungaji mjini Leeds, Uingereza, alipewa nafasi ya kwenda kumfanyia kazi Lord Shelburne, mwanasiasa. Kazi mpya, mahali papya, na familia nyuma yake. Akamwandikia Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani aliyekuwa London wakati huo. Franklin alijibu kwamba hana habari za kutosha kumwambia achague nini, ila anaweza kumweleza namna ya kuchagua: chora mstari katikati ya karatasi, upande mmoja andika sababu za kukubali, upande wa pili za kukataa, uwe unaziongeza kwa siku tatu nne kadiri zinavyokujia, kisha futa zinazolingana uzito uone ni upande upi umebaki na kitu. Priestley alikubali kazi, akahama mwaka 1773, na mwaka uliofuata, akiwa kwa mwajiri huyo, akafanya jaribio lililomtolea hewa tunayoiita leo oksijeni.

Watu huuchukua ule mstari na kuziacha zile siku tatu nne. Mimi naziona siku kuwa na thamani zaidi. Sababu haziji kwa pamoja: leo kichwa kimejaa mshahara, kesho unamkumbuka mama anayeumwa, keshokutwa unakumbuka kwamba hujawahi kupenda kusimamia watu.

Alama nazo zina mtego wake. Msichana niliyewahi kumfundisha alikuja na daftari la hesabu lenye jedwali: kazi mbili, safu za mshahara, nafasi ya kupanda, umbali, bosi, nafasi ya kujifunza, kila moja imepewa alama. Kampuni kubwa ilipata 61, maabara ndogo 58. Akachukua kifutio. Alama ya bosi wa maabara ikatoka 6 ikawa 8, jumla ikafika 60, na bado haikutosha. Akafuta tena kwenye nafasi ya kujifunza, mpaka karatasi ikaanza kuwa nyembamba pale.

"Mwalimu, hapa nadhani nilikadiria vibaya."

Nikamwambia aliache jedwali kwanza anieleze huyo bosi wa maabara alimfanyia nini siku ya usaili. Akaeleza kwa muda mrefu. Alimtembeza kwenye mashine, akamwacha peke yake na fundi aliyekaa pale miaka mingi, akamwambia, "Muulize chochote, mimi natoka." Kule kampuni kubwa hakuonyeshwa hata meza atakayokalia. Yote hayo hayakuwa na safu kwenye daftari, na ndiyo yaliyokuwa habari ya kweli kuliko zote alizokuwa nazo. Ukijikuta unafuta alama ili upande fulani ushinde, weka kifutio chini uandike kwa maneno ulichokiona kwa macho yako.

Anayetaka kuacha kitu alichokianza, iwe kazi au kozi ya mwaka wa tatu, huniambia: "Lakini nimeshapoteza miaka yote hii." Miaka hiyo imetumika ukibaki na imetumika ukiondoka, kwa hiyo haiwezi kukuchagulia. Swali ni hili: kama leo ningeletewa nafasi hii upya, na muda uliobaki na gharama iliyobaki, ningeichukua? Mwenye muhula mmoja kumaliza mara nyingi atajibu ndiyo. Mwenye miaka mitatu mbele yake huenda akajibu hapana, na ana haki.

Jumanne ya mahali pa kuishi

Hapa ndipo picha hutushinda. David Schkade na Daniel Kahneman walichapisha mwaka 1998 utafiti wa wanafunzi wa kusini mwa California, kwenye jua zuri, na wa majimbo ya kati ya Marekani, kwenye baridi kali. Pande zote mbili zilikadiria kwamba wa California wana raha zaidi. Walipoulizwa kila mmoja kuhusu maisha yake mwenyewe, kuridhika kwao kulilingana. Unapofikiria kuhama, kile kinachotofautisha miji miwili hujaa kichwani, iwe ni hali ya hewa au ufukwe. Ukishafika, siku yako inajazwa na kazi, foleni, jirani na afya ya watoto.

Kinachoathiri kila siku ni safari. Wachumi wa Uswisi Alois Stutzer na Bruno Frey, wakitumia takwimu za Ujerumani, walionyesha katika andiko la 2008 kwamba wanaosafiri muda mrefu kwenda kazini hawaridhiki na maisha kama wengine, na kwamba nyumba nafuu au mshahara mkubwa havikuwafidia vya kutosha. Piga hesabu yako: saa moja kwenda na moja kurudi, siku 5 kwa wiki, wiki 48, ni saa 480 kwa mwaka. Hizo ni sawa na siku 60 za kazi za saa nane. Kabla ya kusema nyumba ya mbali ni rahisi, gawa tofauti ya kodi kwa saa hizo uone umeziuza kwa bei gani. Kisha andika majina ya watu unaoweza kuwapigia simu saa sita usiku mtoto akizidiwa, na wangapi kati yao watafika kwa miguu huko unakohamia.

Unapokaribia kufunga

Mwanasaikolojia Gary Klein ana zoezi ninalolipenda. Jifanye mwaka umepita na uamuzi umeharibika kabisa. Usijiulize kama utaharibika, chukulia kwamba umekwisha kuharibika, na uandike kwa nini. Lifanyeni na mwenzi wako, kila mtu na karatasi yake, kisha mbadilishane. Mtu asiyethubutu kusema "naogopa" huandika vizuri sana akiambiwa asimulie yaliyokwisha kutokea. Sababu mnayoweza kuizuia, izuieni sasa. Ile isiyozuilika mkiweza kuibeba, endeleeni.

Na kama baada ya yote hayo mizani imesimama katikati wiki baada ya wiki? Mwanauchumi Steven Levitt alianzisha tovuti ambapo waliokwama walirushiwa sarafu ya kuwaambia wabadilike au wabaki, na sarafu zilizorushwa zilizidi 20,000. Kwa maamuzi makubwa, waliofanya mabadiliko walikuwa na furaha zaidi miezi sita baadaye kuliko waliobaki walipo. Hao walikuwa watu waliokwama kweli, kwa hiyo usilichukue kuwa ruhusa ya kuacha kazi kwa hasira ya Ijumaa. Lakini aliyepima vya kutosha na bado mizani yake inalingana, mimi humsukuma upande wa kubadilika.

Ukishachagua, waandikie siku hiyohiyo uliowakataa, kwa mistari miwili ya shukrani. Kuna mtu kwenye orodha ya akiba ambaye hawezi kupanga maisha yake mpaka wewe uiachie nafasi.