Mbegu za mkulo msizianike

Jamani mnaorudisha msitu wa asili huko Lushoto, mbegu za mkulo (ule mti mkubwa wa asili wa misitu ya milimani, Ocotea usambarensis) msizianike juani kama mahindi, zile hazitunziki, zikikauka ndo basi tena. Ukiokota tu menya nyama ya tunda, osha, sia mapema iwezekanavyo. Na kama mbegu hamna (mara nyingi ndege na wadudu washamaliza) angalieni pembeni ya visiki vya zamani, mkulo unachipua kutoka mizizini, vile vimche viacheni palepale, punguzeni tu magugu yanayovibana. Miche ya kitaluni itoeni masika yakishakolea, ardhi iwe imelowa hadi chini, na vichaka msifyeke vyote, mche mdogo unataka kivuli!! Mikaratusi hapo hapana kabisa.