Kupanga Ukaguzi wa Mabomba ya Jotoardhi kwa Kupima Hatari

Fundi wa Dodoma anayejiandaa kwa mitambo ya jotoardhi, iwe ya Olkaria nchini Kenya au ile inayotarajiwa Ngozi, Mbeya, aanze kwa kuachana na desturi ya kukagua kila bomba kwa kipindi kilekile. Gawa mtandao katika sehemu zinazopitisha kitu cha aina moja, kisha uliza kila sehemu ina uwezekano gani wa kutoboka, na ikitoboka itamdhuru nani. Bomba la mvuke lililo juu ya njia ya wafanyakazi hutangulia, hata likionekana zima.

Viwiko, yaani sehemu bomba linapojipinda, vinahitaji subira zaidi, kwa kuwa mvuke wenye matone huugonga ukuta wa nje wa mpindo na kuula taratibu. Safisha rangi, paka jeli, weka kichwa cha kipimo cha mawimbi ya sauti, usome unene kwenye alama zilezile za awali. Zoezi hili unaweza kulifanya katika karakana yoyote ya Kizota kwa kipande cha bomba kuukuu, nami nalisisitiza sana. Tuseme ukuta ulikuwa milimita 9.5, na baada ya miaka 4 umebaki 7.1: umepoteza 0.6 kwa mwaka. Ikiwa unene wa chini unaoruhusiwa ni 5.3, uhai uliobaki ni miaka 3, hivyo upime tena kabla ya nusu yake, mwaka mmoja na nusu, kuisha.

Maji ya chumvi yanayotoka kisimani pamoja na mvuke, yanapopoa huacha magaga ya silika, yaani tabaka gumu la madini linalobana njia, kwa hiyo linganisha shinikizo kabla na baada ya valvu. Kihami joto, yaani vazi la bomba linalozuia joto lisipotee, kikilowa kifunuliwe, maana chini yake hujificha kutu.