Utando wa seli: somo la bitiruti moja na glasi tatu

Wanafunzi wengi hukariri kwamba utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka seli, huruhusu baadhi ya vitu na kuzuia vingine, wakaandika hivyo katika mtihani, bila kuwahi kuuona ukifanya kazi hiyo. Somo hili linahitaji bitiruti moja, iwe ya soko la Marikiti au ya mama mboga wa mtaani kwako, pamoja na kisu, glasi tatu na maji.

Hatua ya kwanza. Menya bitiruti, uikate vipande vidogo vilivyo sawa, kisha uvisuuze kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi. Usiiruke hatua hii, kwa sababu kisu kimepasua seli za pembeni na rangi yake ikibaki itakupotosha.

Hatua ya pili. Tia vipande vinne katika kila glasi. Katika ya kwanza mimina maji baridi, katika ya pili maji ya uvuguvugu, na katika ya tatu maji yaliyotoka kuchemka. Hapa Nairobi, kwa kuwa tuko juu sana ya usawa wa bahari, maji huchemka yapata nyuzi 94, nalo ni joto la kutosha kwa kazi yetu.

Hatua ya tatu. Subiri dakika 15, kisha ulinganishe. Maji baridi yatakuwa yamepata rangi kidogo tu, ilhali yale ya moto yatakuwa mekundu kabisa.

Rangi ya bitiruti huhifadhiwa ndani ya vakuoli, yaani mfuko wa majimaji ulio ndani ya seli, kwa hiyo ili ifike kwenye glasi ni lazima ivuke tando mbili, ule wa vakuoli na ule wa seli. Tando hizo zimejengwa kwa fosfolipidi, molekuli zenye kichwa kinachovutwa na maji na mikia miwili inayoyakwepa, ambazo hujipanga safu mbili, vichwa vikielekea nje na mikia ikikutana katikati. Unene wote ni nanomita 7 au 8 hivi, lakini mafuta hayo ya katikati yanatosha kuizuia rangi, ambayo huyeyuka katika maji. Miongoni mwa fosfolipidi mna protini, na wanasayansi Singer na Nicolson walipoueleza muundo huu mwaka wa 1972 walisisitiza jambo ambalo michoro ya ubaoni huficha: utando haujakauka kama ukuta, bali molekuli zake nyingi husogeasogea. Joto kali huzidisha msogeo huo na kuharibu umbo la protini, utando ukatoboka, na rangi ikamwagika.

Maswali na majibu

Swali: Mwalimu, seli ya mmea ina ukuta pia. Mbona ukuta haukuizuia rangi?

Jibu: Ukuta wa selulosi huipa seli umbo na uimara, lakini una matundu yanayopitisha maji na molekuli ndogo zilizoyeyuka ndani yake. Kazi ya kuchagua ni ya utando.

Swali: Kwa nini mgonjwa hutundikiwa maji yenye chumvi, wala si maji matupu?

Jibu: Chembe nyekundu za damu hazina ukuta. Katika maji matupu, maji yangeingia kwa osmosisi, yaani kupenya utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi, mpaka zipasuke. Chumvi ya asilimia 0.9 huzuia hali hiyo.

Swali: Na mtoto anayeharisha, mbona chumvi anayopewa kunywa huchanganywa na sukari?

Jibu: Nakushukuru kwa swali hili, maana linaokoa maisha. Katika utando wa seli za utumbo mna protini inayobeba sodiamu na glukosi kwa pamoja, na protini hiyo huendelea kufanya kazi hata mtoto anapoharisha. Viwili hivyo vikiingia, maji huvifuata. Hata hivyo, tumia pakiti ya mchanganyiko huo ya dukani au ya zahanati na maji safi ya kipimo kilichoandikwa juu yake, kwa kuwa sukari ikizidi huyavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na mtoto akazidi kuharisha.